Mguu Mfupi wa Meza

Wanangu,

Wali uko kwenye sufuria, mboga nimefunika. Pasheni moto kwanza. Dada mtu, hakikisha umezima gesi. Natoka kazini saa kumi na mbili.

Na wewe, kitinda mimba wangu, daftari lako nimelianika dirishani. Nisamehe kwa ya asubuhi. Meza ilicheza, chai ikamwagika, nami nikakufokea, "Baba yenu hakuwa mzembe hivi!" Ukaenda shule hujatia kitu mdomoni.

Ukweli ni huu. Meza hii aliitengeneza baba yenu, fundi seremala mzima, akakata mguu mmoja mfupi kwa sababu alikuwa ananichekesha. Akakunja kipande cha boksi, akakisukuma chini ya mguu, akaniambia, "Wateja wasijue."

Sikumwambia mtu, hata nyinyi. Tangu afariki nimekuwa nikibadilisha boksi kimyakimya, huku nikiwasimulia habari za baba asiyekosea. Mlikuwa wadogo mno kumkumbuka, kwa hiyo mnayemjua ni huyo niliyemtunga mimi. Nimewanyima yule wa kweli.

~~Kesho nitaita fundi aisawazishe.~~ Hapana. Asiiguse mtu.

Toeni hilo boksi leo, iacheni icheze. Nikirudi tutakaa hapo hapo, kila mtu ashike kikombe chake, niwasimulie yote aliyoyaharibu baba yenu huku anacheka.

Mama yenu