Taazia Yangu, Niliyoisikiliza Mwenyewe

Dagahaley,
Dadaab, Kaunti ya Garissa.
9 Novemba 2025.

Mpendwa Ayan, binti wa dada yangu,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Nakuandikia katika mwaka wa thelathini na nne tangu nitoke Kismayo. Naandika kwa Kiswahili kama ilivyo kawaida yetu, maana Kisomali chako kililelewa Tanga, nacho huchechemea kikifika kwenye karatasi.

Natumaini hamjambo nyote. Goti la mama yako linaendeleaje? Mwambie aache kushuka ngazi kila anaposikia muuza samaki anapita. Samaki watapatikana kesho pia. Na Abdiqani je, duka la vipuri limechangamka? Huku mvua za deyr, hizo mnazoziita vuli, zimechelewa, na upepo unatulisha vumbi pamoja na anjera ya asubuhi. Mimi ni mzima. Jicho la kulia, lile lililopasuliwa kwa ajili ya mtoto wa jicho, limepona, na jana nimesoma gazeti bila kulisogeza puani.

Sasa nifike kwenye swali lako. Kaaha wa Garissa, mwenzangu katika ligi ya simu, alipokutumia ujumbe wa pole kwa kifo changu, ulinipigia simu ukaniuliza kwa nini watu wananiombolezea nami sijawaambia kwamba niko hai. Nikakuomba usimjibu, nikasema nitawaambia mwenyewe, kisha nikasingizia mtandao na kukata. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilikuwa na aibu, na juu yake nikakutwika wewe uongo wangu. Unisamehe kwa hilo kwanza.

Mchezo wenyewe unaujua, kwa kuwa simu ninayochezea ulinitumia wewe. Kila mtu anaendesha klabu yake ya mpira, anasajili wachezaji na kupanga kikosi, halafu klabu zinapambana humo humo kwenye simu. Ligi yetu ina watu wa Garissa, Wajir, Mandera na Eastleigh, na wengine walioko Oslo. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake, admini kama wasemavyo vijana.

Lakini kilichotukusanya kundini zaidi ya mabao ni mabishano. Mtu akifungwa kwa mpira uliopinda, atauliza kwa nini mpira hupinda, nami, mwalimu wa fizikia wa zamani, nitatuma sauti kueleza habari ya hewa na mzunguko. Kutoka hapo tulihamia kwenye chumvi ya jasho, mapafu ya wakimbiaji, kupatwa kwa mwezi. Waliniita Mwalimu. Ayan, nilipovuka mpaka sikuwa na mbuzi wala godoro. Nilichosoma ndicho pekee ambacho wenye bunduki hawakuweza kunipokonya njiani, na katika ligi ile kilinipa heshima ambayo kambini sijapata kupewa. Niliitumia vibaya.

Mwaka jana timu moja ya Nairobi ilikwenda kucheza Wajir, na wachezaji wake wakazidiwa na joto kabla ya mapumziko. Kundini tukaulizana sababu. Guled, kijana wa Wajir anayeendesha lori la maji na kuishi Waberi, mtaa wa Garissa, siku hizi, akasema kwamba jua la kwao liko karibu zaidi na ardhi. Alikosea, na ningeweza kumweleza kwa upole nikamaliza. Badala yake nilituma sauti: "Guled, shule yako ilikuwa na ubao, au mlikuwa mkiandika kwenye mgongo wa ngamia?"

Watu walicheka mpaka Oslo. Picha za ngamia aliyevaa miwani zikamiminika. Guled aliandika tu, "Sawa, Mwalimu." Nami nilipotoa ratiba ya mechi za wiki ile, penye jina lake niliandika Profesa Ngamia, nikaendelea kuandika hivyo mwaka mzima. Guled hakukosa mechi hata moja. Swali hakuuliza tena.

Mwezi wa tisa nilipata kibali cha kutoka kambini, nikaenda Garissa kutibiwa jicho, na simu nikaizima. Siku zilezile hapa Dagahaley alifariki Mwalimu Hirsi mwingine, wa chuo cha Kurani, Mungu amrehemu. Habari ikafika kwenye ligi kwamba Mwalimu Hirsi wa Dagahaley amezikwa, na hakuna aliyeuliza ni yupi. Nilipowasha simu nilikuwa bado nimefungwa bendeji na nimekatazwa kusoma. Nilichoweza ni kusikiliza.

Huenda mama yako amewahi kukusimulia desturi yetu. Mtu akifa, waliobaki huulizwa kama aliwadhulumu, na aliyedhulumiwa humsamehe mbele ya watu, ili maiti aende akiwa mwepesi. Kaaha, ambaye ni fundi wa maabara na klabu yake hunifunga kila tukikutana, aliwakusanya wachezaji wa Garissa nyumbani kwa baba yake, Waberi, na kuwataka walio mbali watume sauti. Wakanisamehe mmoja baada ya mwingine. Dekow wa Mandera alinisamehe kwa kumnyima pointi mtandao ulipokatika katikati ya mechi. Abdihafid wa Oslo alisema nilimuuzia mshambuliaji nikijua ana jeraha la goti. Amenisamehe, ila anamwomba Mungu alitazame suala hilo kwa makini. Nilicheka peke yangu kitandani.

Kisha nikasikia sauti ya Guled. "Mwalimu alinitia jina, na jina hilo limefika mpaka kwa mke wangu na watoto. Mimi shule niliiacha darasa la nne, ukame ulipomaliza wanyama wa baba. Nimemwachia. Mbuzi wa sadaka ya leo ni wangu."

Hapo ilitosha kutuma neno moja. Kidole kilikuwa tayari. Lakini niliona kwamba nikisema niko hai, msamaha utarudi kwa mwenyewe, nami nitabaki na ule mgongo wa ngamia. Maiti alikuwa ameshasafishwa, na mimi nikatamani kukaa ndani ya sanda yake siku moja au mbili. Zikawa majuma.

Majuma hayo nilifuatilia kila kilichosemwa bila kujionyesha. Walimchagua Guled aongoze ligi. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba yeye sayansi haijui, kwa hiyo mwenye swali aulize na mwenye jibu ajibu. Maswali yakaja, Ayan. Weris, muuza maziwa wa hapa hapa Dagahaley, ambaye hatujawahi kuonana na ambaye miaka yote hakuwahi kuandika hata salamu, aliuliza kwa nini maziwa ya ngamia hayagandi kama ya ng'ombe. Dekow akauliza mchezaji aliyefunga Ramadhani huchoka kwanza miguu au kichwa. Hata Abdihafid, mhandisi mzima, alikiri kwamba habari ya mpira kupinda nilimweleza mara nyingi na hakuwahi kuelewa. Alikuwa akiitikia tu.

Watu hawa wote walikuwapo wakati wangu. Nilidhani wamenyamaza kwa kuridhika. Walikuwa wakimwogopa ngamia yule mwenye miwani.

Hii ndiyo aibu niliyoshindwa kukutajia kwenye simu. Tusi lina siku yake na maneno yake, mtu anaweza kulikiri. Lakini kukaa juu ya midomo ya watu kwa miaka, huku ukiitwa Mwalimu, hilo sikujua hata lilianza lini.

Alhamisi iliyopita nilirudi Garissa kuangaliwa jicho, nikapita Waberi kwenye hoteli ya chai ambako madereva wa maji hupumzika. Guled alikuwa hajawahi kuniona, wala mimi sikuwahi kumwona. Nilimtambua kwa sauti, akimtania mwenzake kwamba kipa wake hudaka kama mtu anayefukuza nzi. Nikamwamkia kwa jina. Akageuka, akaweka kikombe chini polepole.

"Sauti hii tumeizika," akamwambia mwenzake.

"Mliyemzika ni Hirsi mwingine," nikasema. "Mimi ndiye wa ngamia."

Akanitazama. "Ulijua lini kwamba tumekufanyia taazia?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilijua siku ileile.

"Na mbuzi wangu ukaacha aliwe?"

Mwenzake alipaliwa na chai kwa kicheko. Guled hakucheka. Nikamuuliza nililolijia, kama ule msamaha bado ni wangu.

"Ule nilimpa maiti, adeer. Maiti hawezi kuomba, ndiyo maana tunamtangulia. Wewe una mdomo."

Nikaomba. Niliomba palepale, mbele ya madereva na mpika chapati, kwa kuwa tusi nililitoa mbele ya watu. Nililitaja jina lenyewe, nikasema mimi ndiye niliyelitunga na kuliandika. Kisha nikatuma maneno hayohayo kwenye kundi. Guled alinishika mkono akasema yamekwisha, halafu akatoa simu yake. "Ligi ni yako, adeer. Nilikuwa nimeshika kamba tu mpaka mwenyewe aje."

Aliyasema kwa moyo, akiniita adeer kama kijana aliyelelewa vizuri amwitavyo mzee. Lakini nilimtazama kwa jicho langu jipya, na uso wake ulikuwa wa mtu anayefungua zizi ili wanyama wake waondoke. Kwetu kijana haongozi palipo na mwenye mvi. Nikamwambia angoje jibu langu, nikaenda kuwahi gari la Dadaab.

Tangu siku hiyo wananifurahia kwa namna inayoniumiza. Kaaha anauliza kila asubuhi lini narudi. Wanataka kuchinja tena, safari hii nile mwenyewe. Abdihafid ametangaza kwamba kwa kuwa niko hai, suala la goti limefunguliwa upya. Lakini maswali yamepungua, na yanayokuja yanaanza kwa "Mwalimu, samahani." Jana Weris aliandika jambo, kisha akalifuta kabla sijalisoma.

Nimefikiri sana. Nikiingia kama mchezaji wa kawaida, bado kila mtu atanigeukia kabla ya kujibu, na Guled atakuwa kiongozi wa jina tu. Leo baada ya swala ya alfajiri nimemwandikia kwamba kamba aishike mwenyewe, nikamwombea heri, nikajitoa kundini. Weris nitamtembelea kibandani kwake kununua maziwa, na akitaka kuuliza kitu, nitasikiliza mpaka amalize.

Nisalimie sana dada yangu Hawo, na Abdiqani, na mwanao Khalif. Mwambie barua yake ya shule niliipata na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Mungu awazidishie afya na riziki ya halali, na awalinde na kiburi cha wanaojua kidogo. Kaaha akikupigia kukuomba unibembeleze, na najua atakupigia, mjibu kwa upole kwamba umeongea na abti wako, ni mzima, anawapenda wote, na hatarudi.

Ni mimi abti wako, mwenye kukupenda siku zote,

Hirsi Abshir