Nyuzi za Mgongo na Kamba ya Katani

Chekereni,
3 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Wenseslaus,

Leo natimiza miaka arobaini na moja tangu niteremke kutoka Kibosho. Shikamoo yako binti yako Winfrida aliifikisha, marahaba. Natumaini shemeji amepona kifua na migomba imestahimili upepo. Huku mpunga umeshavunwa, na ndani ya nyumba inasikika redio tu.

Umeniuliza majibu ya mgongo, maana ulisema kama haujazidi kupinda, Krismasi hii utakuja kunichukua mwenyewe. Mwaka jana hospitalini waliandika kwamba umepinda nyuzi thelathini na nane. Mwezi uliopita, kwa picha mpya, daktari mwingine akaandika arobaini na tatu. Nilipata nafuu, Wense, nafuu ya aibu: nimepata sababu ya kutopanda huko mlimani.

Lakini Daktari Evelyn, binti mcheshi wa Kirua, hakuridhika. Alizipima upya picha zote mbili, kisha akamwita mwenzake azipime bila kumwonyesha alichopata. Yeye alipata arobaini na moja kwa ile ya zamani, arobaini na mbili kwa mpya. Mwenzake arobaini, na arobaini na mbili. Akanieleza kwamba kila mpimaji huchagua pingili ya uti wa mgongo ya kuanzia mstari, hivyo tofauti ya nyuzi nne tano inaweza kuwa ya mkono wake, si ya mgongo. Tena akanitania kwamba mwaka jana nilikunja magoti ili nionekane nimenyooka. Babu, akasema, ulitaka kuidanganya mashine? Alisema barabara ya Kibosho ni mbovu, ila kwa gari la polepole nitafika, na mtori wa ndizi nitaukuta jikoni.

Nilimuuliza kwa nini ahangaike kupima tena. Akajibu kuwa kipimo cha mara moja hakina shahidi. Neno hilo limeninyima usingizi.

Unakumbuka baba aliponituma kupima kihamba, shamba letu la migomba, atugawie, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Kamba saba kutoka mferejini ziwe zako, kilichobaki changu. Nilipima asubuhi baada ya mvua, na kamba ya katani ikilowa hufupika. Ulilalamika kwamba umepunjwa; ukoo ukakuita mlafi, nami nikanyamaza. Usilolijua ni hili: siku tatu baadaye, kamba ikiwa kavu, nilirudi peke yangu nikapima tena. Mpaka wako ulipaswa kuwa hatua tano ndani ya upande wangu. Masale, ile mimea ya mpaka, yalikuwa yameshapandwa. Sikumwambia mtu. Mwezi huohuo nikaomba kazi ya kupima kina cha maji kwenye mifereji ya mpunga huku, na kazini sikukosea hata siku moja.

Winfrida anasema kipande changu kando ya masale hujakilima kwa faida yako miaka yote, unanipalilia tu, na mwaka huu umenijengea chumba hapo. Umekijenga juu ya hatua zako tano.

Ndani ya bahasha nimeweka jani la sale, la kuomba msamaha. Kwa desturi yetu halikataliwi, lakini usiharakishe kunisamehe. Kwanza ng'oa mpaka ule, pima kwa kamba kavu, na Winfrida apime baada yako. Chumba mpe yeye.

Nisalimie shemeji na watoto, upite na kaburini kwa baba. Mgongo wangu unaweza kupanda. Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Filemon