Ule Mkanda wa Kuchuchumalia, na Mgongo Wangu

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Hujambo wewe, hajambo wifi yangu, hawajambo watoto? Natumaini kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimepona, na kwamba unakunywa vitu vya moto badala ya kujitibu kwa kupuuza, maana nakujua. Sisi huku tupo, twashukuru. Mama anakula vizuri na ulimi wake unazidi kuwa mwepesi. Juzi alimgombeza shemeji yako sentensi nzima bila kukwama, na shemeji yako akafurahi kama mtu aliyesifiwa.

Baada ya salamu nikuambie ukweli: naandika nikiwa nimeudhika. Mama Mdogo alipita hapa akanieleza maneno uliyomwambia kwenye simu. Eti dada yako amegeuza nyumba kuwa kiwanja cha wanyanyua vyuma na huku Mama hajiwezi. Eti afadhali Mama atafutiwe nyumba ya kulelea wazee. Nimejaribu kuyameza, yamekataa kushuka. Ningekupigia simu, lakini wewe ukishaanza “dada, dada” najikuta nacheka na hoja inapotea. Karatasi haitanichekesha.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tangu Mama apate kiharusi, upande wake wa kushoto hauna nguvu, na Mama, unamjua, si mwanamke mwepesi. Namtoa kitandani namweka kwenye kiti cha magurudumu, namtoa kwenye kiti namweka chooni, namrudisha. Katikati ya hayo nashona viti vya magari ya watu. Shemeji yako husaidia asubuhi na jioni, lakini mchana yuko dukani kwake ananyoa, na haja haisubiri kinyozi afunge.

Basi kuna siku nilikuwa namnyanyua bafuni, mgongo ukalia. Sisemi uliuma, nasema ulilia, nikausikia. Nilichoweza ni kuteleza taratibu hadi sakafuni nikiwa nimemkumbatia, mimi nimekaa chini na Mama amekaa mapajani mwangu. Simu iko chumbani. Tukabaki hapo, maji ya bomba yakidondoka, tukimsubiri shemeji yako aje kula chakula cha mchana.

Mimi nilikuwa nalia kimyakimya asijue. Mama akasema polepole, neno baada ya neno, “Ulipokuwa mtoto, ulikaa hivi kwangu. Lakini mimi nilikuwa na nyama. Wewe una mifupa tu.”

Shemeji yako alitukuta tunacheka. Hakuelewa, akakasirika.

Daktari wa viungo aliponipima, mama mmoja mkali mwenye mikono ya baridi, alisema mgongo umeumia kwa sababu unafanya kazi ambayo si yake. Miguu yangu imelegea kwa kukaa kwenye cherehani miaka yote hii, kwa hiyo nikinyanyua, mgongo ndio unaobeba. Akanipumzisha kwanza, kisha akaniagiza nichuchumae na kusimama, na baada ya muda niongeze uzito. Ila akanionya nisithubutu kuweka chuma mabegani, kwa sababu kitaugandamiza uti wa mgongo. Uzito uning’inie kiunoni kwa mkanda mpana, miguu ibebe, mgongo ubaki huru.

Nikamuuliza kama nisipofanya itakuwaje. Akajibu bila kuniangalia, “Utamwangusha mama yako. Au mtaanguka wote tena, na safari hiyo hamtacheka.”

Hicho ndicho kiwanja chako cha wanyanyua vyuma, Kijiti. Nimekueleza kilipoanzia.

Sasa sikiliza taabu ya kuchagua hicho kifaa. Unakumbuka ile fremu ya chuma aliyoinunua shemeji yako enzi zile alipotaka kuwa na kifua? Ipo stoo, na kazi yake kubwa imekuwa kuanikia mashuka mvua ikinyesha. Tukasema vizuri, fremu tunayo, vyuma tunavyo, kinachotakiwa ni kifaa tu cha kuchomeka kwenye fremu ili mkanda upate pa kushikizwa. Zile mashine kamili zinazosimama zenyewe tulizitazama kwenye simu kama watu wanavyotazama majumba ya matajiri, tukapita.

Kosa la kwanza, shemeji yako alilipeleka jambo hili dukani kwake. Unajua duka la kinyozi. Penye wengi pana mengi, na wale wote wamekaa wakisubiri zamu hawana la kufanya. Mmoja akasema nunua cha wenzo. Mwingine akasema wenzo unavuta mtu mbele, nunua cha kapi, kile cha waya unaopita kwenye kigurudumu. Wa tatu, ambaye nina hakika hajawahi kunyanyua kitu kizito kuliko gazeti, akasema vyote ni wizi. Shemeji yako akawa anarudi nyumbani kila jioni na imani mpya. Mimi nimelala na chupa ya maji moto mgongoni, namsikiliza.

Tukaagiza cha wenzo. Ni mkono mmoja wa chuma: ncha moja inachomekwa kwenye tundu la fremu, ncha nyingine inabeba vyuma, na katikati pana kulabu ya mkanda. Tangazo lilisema kinaingia fremu zote. Kilipofika, pini yake ilikuwa nene kuliko matundu yetu. Shemeji yako alisukuma, akapaka mafuta, akagonga kwa nyundo, mpaka Mama akauliza kutoka chumbani kama tunavunjiwa nyumba. Nikampigia muuzaji.

“Ulisema kinaingia fremu zote,” nikamwambia.

“Fremu zote za kawaida, mama.”

“Ya kwetu ina nini?”

“Inawezekana si ya kawaida.”

Yaani tatizo ni fremu yetu, iliyokuwa imesimama zake stoo bila kumkosea mtu. Nilimsumbua muuzaji yule mpaka nadhani akawa anajificha akiona namba yangu. Mwishowe alikubali kukichukua, kwa sharti nichague kingine dukani kwake. Na kingine alichonacho cha bei ya watu kama sisi kilikuwa kimoja tu, cha kapi.

Hiki kiliingia. Tulishangilia mapema. Waya unapita chini ya kapi mbele yako, unapanda juu ya fremu, unashuka nyuma kwenye vyuma. Nikafunga mkanda, nikachuchumaa, nikasimama. Fremu nayo ikaja. Haikufungwa sakafuni, maana stoo si yetu, ni ya mwenye nyumba, na hataki sakafu yake itobolewe. Kila nikisimama, fremu inainama kunifuata kama mtu anayetaka kuninong’oneza siri. Shemeji yako akaikumbatia kwa nyuma, miguu ameitanua, jasho linamtoka. Ikawa mimi nafanya mazoezi ya miguu, yeye anafanya ya kumzuia mkewe asipondwe.

Akaniambia tuongeze mifuko ya mchanga nyuma. Tukaongeza. Ikatulia. Lakini sasa vyuma vikawa vinagota sakafu kabla sijafika chini, na daktari alisema kama sishuki vya kutosha najidanganya. Nikasimama juu ya ubao kupata nafasi. Ubao ukateleza. Sikuanguka, ila nilisema neno ambalo Mama alilisikia, na alinikemea kwa hilo siku mbili.

Halafu mkanda wenyewe ukaniachia. Huo nikakasirika nao kuliko vyote, kwa sababu ushonaji naujua. Nilipougeuza ndani nikakuta mishono mirefu ya uzi mwembamba, uzi wa kushonea mashati, kwenye kitu cha kubeba vyuma. Mtu amekaa mahali akashona vile akijua utafungwa kiunoni mwa binadamu. Niliufumua wote. Nikaushona upya kwa uzi wa turubai kwenye ile cherehani yangu kubwa, mistari minne kila upande, nikaweka na sponji ya kiti cha gari ili usinikate nyonga. Huo mkanda sasa unaweza kuvuta lori.

Siku ile nikakaa kwenye kiti cha kushonea nikajisikia mpumbavu. Wiki zinakwenda, mgongo bado, Mama namnyanyua kwa hofu, na mimi nabishana na wauza vyuma. Ndipo Mama Mdogo akaja na maneno yako. Ulichagua siku yako vizuri.

Nikarudi kwa daktari wa viungo nikamwambia nimeshindwa kuchagua. Akanisikiliza hadithi yote ya wenzo na kapi, akauliza, “Nani alikuambia unahitaji fremu?” Akachora: makasha mawili imara, simama mguu huku na mguu huku, vyuma vining’inie katikati kwa mnyororo kutoka kwenye mkanda. Basi. Nikamuuliza kwa nini hakusema mwanzo. Akasema mwanzo sikuuliza, niliondoka nikisema mume wangu ana fremu. Nilitoka pale sijui nimchukie nani.

Shemeji yako hakupenda. Alisema wateja wake watamcheka, mke wa mtu amepanda juu ya makasha ana mnyororo kiunoni. Nikamwambia wateja wake waje kumnyanyua Mama kisha tucheke pamoja. Siku iliyofuata akayatengeneza makasha mwenyewe, mbao nene, akayawekea mpira chini yasiteleze. Nampa haki yake, ni kazi safi.

Ikabaki shida moja. Kuanza kutoka chini kabisa sikuweza, miguu ilikuwa haijawa tayari. Ilibidi vyuma viwekwe juu ya kigogo, nifunge mnyororo nikiwa nusu nimesimama, nikinyooka ndipo kigogo kiondolewe nipate nafasi ya kushuka. Nani akiondoe? Shemeji yako yuko dukani. Mimi siwezi kuinama.

“Mimi,” Mama akasema. Nilikuwa nimemleta stoo kwenye kiti chake kwa sababu sipendi kumwacha peke yake.

Nilitaka kukataa. Akanitazama vile anavyotazama, unajua. Tukafunga kamba kwenye kigogo, nikampa ncha mkono wa kulia. Mara ya kwanza alivuta kwa nguvu mno kigogo kikaja mpaka kwenye gurudumu la kiti chake. Sasa hivi ameshajua. Nikisimama tu, kigogo kinatoka kama mtu aliyeitwa nje.

Na anahesabu. Daktari wa maneno, yule anayemfundisha Mama kusema tena, alikuwa anambembeleza ahesabu kwa sauti akawa hataki, anasema yeye si mtoto wa chekechea. Kwangu anahesabu bila kuombwa, na ananiibia. Nikifika tano anasema nne. Nikimwambia nne tumeshapita, anasema, “Ile moja hukushuka.” Na kweli nilikuwa sijashuka.

Sijapona, usije ukawatangazia watu. Nikikaa muda mrefu kwenye cherehani mgongo unanikumbusha, na kuna asubuhi nyingine nasimama kwa kushika ukuta. Lakini juma lililopita nilimtoa Mama kitandani, nikapinda magoti yangu kama nilivyofundishwa, nikasimama naye, nikamgeuza, nikamkalisha. Nikawa namrekebishia kanga miguuni. Akasema, “Leo hujaguna.” Ndipo na mimi nikatambua kwamba sikuguna. Nilienda jikoni nikafungulia bomba nikalia kidogo, si kwa huzuni.

Kwa hiyo usitume mashine. Mama Mdogo anasema umeapa kutununulia ile kubwa ili “mambo yaishe”. Haitaingia stoo, na mambo hayaishi kwa njia hiyo. Ninachokitaka ni likizo yako. Uje ukae nasi, nikufundishe kumnyanyua, unipumzishe. Ukishamtoa kitandani na kumrudisha kwa mikono yako, tukae tuzungumze habari ya nyumba ya wazee, na nitakusikiliza. Kabla ya hapo, mdogo wangu, sitasikia.

Nilimuuliza Mama mwenyewe, maana maisha ni yake. Nilimweleza ulivyosema, sikuongeza chumvi. Alianza kuvutavuta ncha ya kanga yake kwa mkono wa kulia, nikadhani ameumia, nikajuta kumwambia. Kumbe alikuwa anatafuta maneno.

“Huyo Kijiti,” akasema, “naye si ana miguu?”

Sijui alimaanisha uje au uchuchumae. Nilimuuliza, akakataa kunieleza.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie zile picha za watoto Mama ameziweka chini ya mto. Wabusu wanangu, mkubwa na yule mtundu. Shemeji yako anakusalimu na anasema nywele zako zitakuwa zimeharibika huko, atazitazama ukija. Mama Mdogo naye anakusalimu, nadhani, ingawa baada ya barua hii mtaulizana nani alisema nini.

Mungu akulinde barabarani na kazini, ailinde nyumba yako, na akupe wepesi wa kufunga safari.

Akupendaye hata akiwa amenuna,

Dada yako