Watoto wa Ua la Mama

Nachingwea,
Jumapili, 23 Februari 2025.

Mpendwa dada Dafrosa,

Shikamoo. Hamjambo huko Tabora, wewe, shemeji Benedikto na watoto? Ule mguu ulioteguka wakati wa Krismasi umepona? Sisi tu wazima, mvua zinanyesha na mahindi yamesimama vizuri. Jambo linaloniumiza ni lile ua la mama. Nimeona niandike, maana kwenye simu ningeishia kulia.

Nimepekua daftari langu nisije nikakosea tarehe. Tulipogawana vitu vya mama kule Ruangwa, wewe ulichelewa njiani, hukupata hata kanga. Ukasema hutaki kitu, ila mtoto wa lile ua lake linalofanana na nanasi. Nikakuahidi.

Nimelitunza kama alivyolitunza mwenyewe. Kila Jumamosi nilimwaga maji ya zamani yaliyotuama katikati ya majani, nikajaza ya mvua, kwa sababu ya bomba yanaacha chumvi. Nililipanda kwenye mkaa uliopondwa na makumbi ya nazi, udongo kidogo tu. Nikaliweka barazani, mbali na jua kali. Tarehe 11 Agosti likachanua, jekundu kabisa, likadumu miezi mitano.

Mama alikuwa akitueleza kwamba likishachanua ndiyo basi, linakufa polepole na kuacha watoto pembeni. Walitoka wawili, tarehe 30 Novemba. Niliwapima kwa rula kila mwezi nikingoja wafikie nusu ya urefu wake ndipo niwatenge. Walibakiza vidole viwili.

Tarehe 1 Februari nilikwenda msibani Marambo. Siku hiyo Anselmo alikuwa anapogolea mikorosho. Narudi, namkuta barazani na kisu chake, anatabasamu.

"Mama Titus, ua lako nimelisaidia. Maotea yalikuwa yanalinyonya. Sasa litazaa!"

"Lizae nini, Baba Titus?"

"Kwani hilo si nanasi?"

Dada, mtu amepita mbele ya ua lile kila siku akingojea nanasi! Watoto alishawatupa kwenye shimo la taka. Mmoja kuku walikuwa wamemchanachana. Wa pili nilimwokota bado mzima, nikamwegesha kwenye mchanga wenye unyevu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba siwezi hata kumgombeza ipasavyo. Alifanya kwa nia njema, tena kwa ustadi, kama anavyofanya shambani. Mimi niliandika kila kitu daftarini, nikafunga, na humu ndani sikumwambia mtu hata mmoja.

Leo ni siku ya ishirini na mbili. Asubuhi nimemvuta kidogo, bado analegea, hajashika mizizi. Mama yake ameshanyauka hadi katikati, na pembeni hakuna chipukizi jingine.

Nisalimie shemeji, Rozalia na mdogo wake Ivan. Titus anawasalimu.

Nimeshamwambia Anselmo: mtoto akishika, atampakata mapajani kwenye basi hadi Tabora, akukabidhi kwa mkono wake na akueleze mwenyewe. Asiposhika, atakuja vilevile, mikono mitupu.

Mungu akulinde, na anisaidie nisikuvunjie ahadi.

Mdogo wako akupendaye,
Lusiana