Jibu la Fomu ya Mama

Jeppestown, Machi 2017

Mpwa wangu Bushra,

Salamu tele, mimi mzima kama chuma. Mtoto wa binamu yangu kuongoza Ustawi wa Jamii wilaya nzima sishangai, uongozi uko kwenye damu yetu. Huku ugenini Mtanzania akiugua ananiita mimi kwanza. Juzi nimebeba wagonjwa wawili, kila bega mmoja, na robot zote, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, zikawaka kijani kunipisha.

Ila fomu yako imenichanganya. Unasema nikiandika kwamba namtunza mama, utamtoa kwenye orodha ya wazee wasio na mtu, na chakula cha idara kitakatika. Sasa mwanawe nipo hai, atakuwaje hana mtu? Nimemuuliza Othmani, fundi viatu ninayekaa kwake. Akacheka.

"Mzee wa mabega, mara ya mwisho ulimpelekea nini?"

Nikatoka kwenda kununua mkate, na mkate ulikuwepo ndani.

Basi nimeijaza. Pale panapouliza mtoto anayemtunza nimeandika hakuna, nikatia sahihi. Ukimpelekea mama chakula, mpwa wangu, tafadhali usimsomee fomu hii.

Mjomba wako,
Adamu