Hajulikani Katika Lokesheni Hii

Kitengela,
9 Februari 1992

Kwa Baba mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima. Mimi ni mzima, hata kikohozi kimeisha tangu Mama Sharifo aanze kuninywesha maziwa moto na tangawizi. Nalala kitanda kimoja na binti yake Najah, na tangu uniache hapa nisome sijawahi kuonyeshwa kwamba mimi ni mgeni.

Baba, mwalimu ametupa kazi: eleza maana na asili ya neno imla, kama katika utawala wa imla. Mumewe, Mzee Abdiladif, anasema ni la Kiarabu. Madrasani kwao maalimu alikuwa akisoma, na wanafunzi wakiandika kwenye ubao neno kwa neno. Sasa lilitokaje darasani likaingia serikalini? Wewe ni karani wa chifu wa lokesheni nzima, utajua.

Binti yako,
Shirleen

Kajiado,
16 Februari 1992

Kwa binti yangu Shirleen,

Salamu nyingi. Huku ni salama, ni mgongo tu unanisumbua. Nisalimie Abdiladif na mama wa nyumba.

Swali lako limenichekesha. Darasani mwalimu anasema, mtoto anaandika, na haulizi kwa nini. Mtawala wa imla ni mwalimu huyo akipewa nchi. Ofisini kwetu chifu hashiki kalamu kamwe. Anatembea kutoka dirishani hadi mlangoni akisema, mimi naandika, yeye anagonga mhuri, hata hasomi. Anadai mwandiko wangu unashinda wote wilayani. Hilo la chifu usilitie kwenye daftari, tafadhali!

Baba yako

Kitengela,
3 Mei 1992

Baba,

Hujambo? Ile kazi nilipata kumi na nane kwa ishirini.

Alhamisi polisi walikuja na barua ya chifu wenu. Mama Sharifo hajui kusoma, kwa hivyo nikapewa mimi niisome kwa sauti. "Abdiladif, anayedai kuzaliwa Kajiado, hajulikani katika lokesheni hii." Hapo nikaiona ile herufi j yenye mkia uliopinda, uliyonifundisha mezani kwetu. Nikaifuata kwa kidole, wakadhani nimeshindwa na neno gumu. Walichukua kitambulisho cha Mzee wakampandisha lori, eti si raia, anapelekwa mpakani. Ana pumu, Baba, na dawa yake imebaki dirishani.

Ulikula kwake Idi iliyopita. Uliandika ukijua?

Shirleen

Kajiado,
10 Mei 1992

Mwanangu Shirleen,

Natumai u mzima. Ndiyo, nilijua. Chifu alikuwa na ugomvi naye kuhusu zizi la mnadani, akaona amwondoe. Ningekataa, karani msaidizi Metito angekalia kiti changu kabla ya chai ya saa nne, na Abdiladif angeenda vilevile. Na wewe ungesomeshwa na nani? Usimwambie Mama Sharifo. Hamia kwa shangazi yako kule Embulbul kabla hajajua.

Baba yako

Kajiado,
22 Novemba 1992

Mwanangu,

Nimekuandikia mara nne na hujajibu. Naomba isiwe ni ugonjwa.

Uchaguzi umekaribia na chifu anaondoa watu wa kuja wasipige kura hapa. Juzi alinitajia orodha akitembea kama kawaida. Jina la saba lilikuwa langu. Hakusimama, wala hakunitazama. Nami niliandika, Shirleen. "Opiyo, anayedai kuishi hapa miaka kumi na tisa, hajulikani katika lokesheni hii." Nikampelekea mhuri kwa mkono wangu mwenyewe.

Metito amekalia kiti, na nyumba ya serikali natakiwa niiache Jumamosi. Shangazi yako ameogopa kunipokea. Naona aibu kukuomba hili. Nasikia bado uko kwa Mama Sharifo. Mweleze kila kitu, niombee msamaha, na umwombe anipe pa kulala, hata stoo, hadi nipate usafiri wa kwenda nyumbani.

Baba yako

Kitengela,
27 Novemba 1992

Kwa Opiyo,

Barua yako imefika. Nimemsomea Mama Sharifo yote, mara mbili. Ya Abdiladif nilikuwa nimemwambia tangu Mei, na hakunifukuza. Mzee hatarudi. Mwezi uliopita dereva mmoja alituletea kofia yake, na Najah hulala nayo.

Mama amekaa hapa kando yangu. Ameniambia la kuandika, nami naliandika neno kwa neno:

"Mtu anayeitwa Opiyo, anayedai kuwa na binti katika nyumba hii, hajulikani hapa."

Sikumuuliza kwa nini.

Shirleen