Mvua ya Jumamosi

Ayany, Nairobi
3 Machi 2025

Kwako dada Trizah,

Pokea salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni mzima, ni kikohozi tu cha vumbi. Billy anaendeleaje huko kwa Mama? Nasikia ananyonya hadi Mama anamcheka. Mwambie Mama omena ilifika, na niliimaliza peke yangu.

Unajua kazi yangu ni kupima mvua pale Silanga, kando ya mto. Kila asubuhi saa tatu nasoma maji kwenye chupa ya kipimo, naandika, halafu kompyuta ya ofisi inahesabu: mvua ikinyesha hivi, mto utafurika hadi wapi. Mwezi uliopita Githinji, mkubwa wetu, alisema tuweke kila kitu wazi kwenye mtandao, mtu yeyote achukue bure, vipimo vyangu vyote na maagizo yote tunayoipa kompyuta. Nikasema moyoni, nani ana shida na chupa yangu?

Kumbe yuko. Kuna msichana wa Kawangware anaitwa Mumbua, hajawahi kukanyaga Silanga. Alichukua zile faili, akaziendesha kwenye kompyuta yake ya mtumba, akaja ofisini tukalinganisha. Maji yake yalipita nyuma ya kanisa kama yetu, yakakata kona kwa muuza makaa kama yetu, yakasimama mlango uleule, sentimita kwa sentimita. Aki dada! Nimeenda kanisani tangu nizaliwe na sijui kama nimewahi kustaajabu vile. Mtu hakulowa hata tone, na bado aliijua mvua yetu kuliko sisi tuliolowa.

Halafu akauliza, kwa upole kabisa, mbona kila wiki mvua ya Jumamosi na ya Jumapili ni mapacha. Githinji akanigeukia. Nikasema nitaangalia.

Mficha uchi hazai, kwa hivyo sikiliza. Mama alitulea Kisabato, Jumamosi hatushiki kazi. Kwa miaka mitatu sijawahi kusoma chupa Jumamosi. Jumapili nilikuta maji ya siku mbili, nikayagawa nusu kwa nusu, nikaandika kama nimeyapima. Nilijiambia si uongo, maji ni yaleyale. Lakini mvua kubwa ya siku moja niliifanya mvua mbili ndogo, na kompyuta ikaniamini. Ijumaa nilikiri mbele ya wote, na kosa limeandikwa pale mtandaoni kwa jina langu. Sasa Wekulo, mwenzangu wa ofisini, ndiye anayesoma chupa Jumamosi, yeye anasali Jumapili.

Mumbua aliunganisha zile nusu mbili, kila mvua ikarudi kuwa ya siku moja, akaendesha upya. Maji yalipanda. Ile nyumba ya Silanga niliyokwambia uchukue, kwamba maji hayafiki, yanafika. Yanaingia hadi magotini, na wewe unamlaza mtoto kwenye godoro chini. Ni mimi niliyekuweka hapo. Nimeandika kwa sababu kwa simu ningesingizia network nikate.

Usirudi kule. Jana mimi na Mumbua tulibeba vitu vyako vyote, viko kwangu, na kitanda changu nimekutandikia wewe na Billy. Msalimie Mama sana. Habari ya Sabato nitamwambia mwenyewe. Ukinikasirikia una haki. Lakini njoo unikasirikie huku, ghorofa ya tatu.

Ni mimi mdogo wako,
Caren